Ugomvi wa Kitabu na Picha

Hapana ugomvi mchungu kama ugomvi wa watu wanaopenda kitu kimoja. Wasiokipenda kitu hicho hupita zao salama, na wanaokichukia husema neno moja wakanyamaza. Bali wapenzi hukesha. Nimeuona ugomvi wa namna hii kwa wafuasi wa washairi wawili waliokuwa wakijibizana, na kwa wasikilizaji wa taarabu waliogawanyika juu ya sauti ya mwimbaji mmoja. Walakini sijapata kuona ugomvi uliodumu, wenye hoja nyingi na vifungu vingi, kuliko ule wa wasomaji wa riwaya ya J. R. R. Tolkien iitwayo The Lord of the Rings juu ya filamu tatu zilizotengenezwa kutokana nayo. Riwaya ilitolewa London kwa juzuu tatu, mbili katika mwaka 1954 na ya tatu katika mwaka 1955. Filamu zilitoka moja kila mwaka, 2001, 2002 na 2003, chini ya uongozi wa Peter Jackson wa New Zealand. Tangu hapo miaka zaidi ya ishirini imepita, na wapenzi wangali wakishindana.

Nia yangu katika insha hii si kusema ni kipi kilicho bora, kitabu au picha, maana swali hilo halina faida kubwa. Nataka kutazama kile wanachogombania, kwa sababu naamini kwamba ndani ya ugomvi huo mna swali kubwa la elimu ya fasihi: hadithi ni nini hasa, hata tuweze kusema kwamba imebadilika au imebaki ileile? Ninayo pia sababu ya pili iliyo karibu na nyumba yetu, nayo nitaieleza mahali pake.

Kwa faida ya yule asiyesoma wala kutazama, yafaa nieleze hekaya yenyewe kwa ufupi. Palikuwa na pete iliyofuliwa na mfalme mwovu, naye akaitia ndani yake sehemu kubwa ya nguvu zake. Kila anayeivaa huitamani, na kila anayeitamani mwishowe humilikiwa nayo. Pete hiyo ilipotea, ikaokotwa na rafiki wa mtu mmoja aitwaye Sméagol, naye Sméagol akamwua rafiki huyo siku ileile kwa ajili yake. Akakaa nayo pangoni karibu miaka mia tano, akakonda, akapoteza jina lake na sura yake, akaitwa Gollum kwa sauti ya koo lake. Baadaye pete iliangukia mikononi mwa Bilbo, wa jamii ya watu wafupi waitwao Wahobiti, kisha ikarithiwa na Frodo, jamaa yake. Frodo ndiye aliyepewa kazi ya kuipeleka kwenye mlima wa moto ilikofuliwa ili iteketezwe huko. Alifuatana na mtumishi wake Sam, na katika sehemu ya mwisho ya safari kiongozi wao alikuwa Gollum mwenyewe, mtumwa wa pete ileile waliyotaka kuiangamiza.

Sasa tuwasikilize wapenzi. Shtaka lao la kwanza ni la mambo yaliyoachwa. Husikitika kwamba Tom Bombadil, yule mzee mchangamfu wa msituni ambaye pete haina nguvu juu yake hata kidogo, hakuonekana katika filamu. Watetezi wa picha hujibu kwamba mzee huyo hausukumi mbele mwendo wa hadithi, na kwamba filamu tatu zile, hata zilipopunguzwa hivyo, zilichukua zaidi ya saa tisa. Jibu hilo lina uzito. Lakini wasomaji wenye makini huonyesha hasara nyingine ambayo haionekani kwa haraka. Baada ya kuondoka kwa Bombadil, kitabuni, Wahobiti hunaswa katika kaburi la kale, na humo hupata visu vilivyofuliwa na watu waliopigana zamani na mkuu wa wapanda farasi weusi. Kurasa mia kadhaa mbele, Merry, aliye mdogo kuliko mashujaa wote waliokuwapo vitani, humchoma mkuu huyo kwa kisu hicho, na uchawi unaomshika hukatika kwa sababu kisu kilifuliwa kwa ajili ya adui huyo hasa. Katika filamu visu hutolewa na Aragorn njiani, navyo ni visu tu. Kilichopotea hapa si mzee wa msituni peke yake. Umepotea uzi uliofungwa mwanzo na kuvutwa mwisho. Anayejua kusuka ukili ataelewa: ukiutoa mmoja, mkeka hubaki, ila mahali fulani hulegea.

Shtaka la pili ni la watu waliobadilishwa kazi. Kitabuni, Frodo aliyejeruhiwa huvuka mto juu ya farasi wa shujaa Glorfindel, na ng'amboni huwakabili wapanda farasi weusi peke yake, akiwakatalia kwa sauti inayokatika. Katika filamu huchukuliwa na Arwen, mchumba wa Aragorn, naye ndiye anayewakatalia. Wapo wanaosema kwamba Frodo amenyang'anywa ushujaa wake. Wapo wanaojibu, nami nawaunga mkono, kwamba kitabu kile kina wanawake wachache mno, na kwamba mwanamke ambaye mfalme atamwoa mwisho wa hadithi hastahili kukaa nyuma ya pazia juzuu zote tatu.

La tatu, ambalo huwasha moto kuliko yote, ni habari ya Faramir. Kitabuni, kijana huyu wa ukoo wa watawala humkamata Frodo, hugundua siri ya pete, na huikataa. Alikwisha sema kwamba hata angeikuta imelala njiani asingeiokota. Katika filamu ya mwaka 2002 huitaka, humburuta Frodo hadi mji wa Osgiliath, na ndipo hatimaye humwachilia. Watengenezaji walitoa sababu yao waziwazi: ikiwa tumefundishwa saa nyingi kwamba pete humshinda kila mtu, mtu akitokea ghafla na kuipita kama anayepita jiwe, hofu yote huyeyuka. Wasomaji hujibu kwamba ndiyo maana hasa Faramir aliwekwa pale: ili tujue kwamba kuna mioyo isiyokuwa na bei. Hoja zote mbili zina kweli yake. Mwenye kitabu ana siku nyingi za kumzoesha msomaji wake. Mwenye picha ana usiku mmoja, na mtazamaji haruhusiwi kurudi nyuma kusoma tena.

Mtungaji mwenyewe hakuishi hata azione filamu hizi, kwani alifariki mwaka 1973. Hata hivyo alikuwa na maneno juu ya jambo hili. Katika mhadhara alioutoa mwaka 1939 katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, alieleza kwamba hekaya za ajabu hukaa vizuri katika maneno kuliko katika mchezo wa kuigizwa. Hadithi ikitaja kilima na mto ulio bondeni, kila msikilizaji hujenga kilima chake kutokana na vilima vyote alivyopata kuviona. Bali picha humpa kila mtu kilima kimoja. Mimi naweza kumshuhudia. Nilipoisoma riwaya hii mara ya kwanza milima yake yote ilikuwa Usambara, yenye ukungu wa asubuhi na harufu ya udongo uliolowa. Na mabwawa ya wafu niliyaona kama mikoko wakati maji yamekupwa. Baada ya kuzitazama filamu, milima ya New Zealand iliingia ikakaa. Ni mizuri kupita kiasi, nayo haitaki kutoka.

Tena, mwaka 1958 Tolkien aliletewa muhtasari wa filamu uliotungwa Marekani. Aliupitia ukurasa kwa ukurasa, akalalamika kwamba safari imefanywa mfululizo wa mapigano, na kwamba tai wakubwa wameletwa kuwabeba watu kila panapotokea shida. Filamu hiyo haikutengenezwa. Lakini msomaji aangalie: hakulalamika kwamba hadithi imefupishwa. Alikubali kwamba picha haina budi kukata. Alichokiona kuwa kosa ni kukata kiini na kuacha ganda. Mwanawe Christopher, aliyehariri maandiko ya baba yake kwa miaka mingi, alizilaumu filamu za Jackson kwa ukali wa namna hiyohiyo katika mahojiano ya mwaka 2012.

Sisi wa Kiswahili hatuna haki ya kushangaa mabadiliko. Bibi yangu alipotuita kwa «Paukwa!» nasi tukaitika «Pakawa!», hadithi iliyofuata haikuwa ileile ya mwezi uliopita. Fisi alipata mke aliyekuwa hana, au kisima kikawa mto kwa sababu mvua imenyesha siku hiyo. Hatukumshitaki. Walakini mara moja alijaribu kumwacha sungura afe mtegoni, labda kwa kuchoka na kutaka kulala, nasi watoto tulipiga kelele hata akamfufua. Hapo nilijifunza, kabla ya kusoma elimu yoyote ya fasihi, kwamba msikilizaji huachilia mengi lakini ana mpaka wake. Katika vitabu nako ni hivyohivyo. Shaaban Robert alipotunga Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, alichukua kisa kilichomo katika Alfu Lela Ulela cha mtu aliyelazimishwa kuwapiga kila usiku ndugu zake waliogeuzwa wanyama. Katika kisa cha Kiarabu ndugu hao ni mbwa. Shaaban aliwafanya manyani, na majina yao akawapa ya tabia zao, Hasidi na Mwivu. Sijasikia mtu akilalamika. Fimbo ilibaki, machozi ya mwenye kuishika yalibaki, na udugu ulibaki. Mnyama alibadilika kwa kuwa mnyama hakuwa mshipa wa kisa kile.

Basi swali la kuuliza mbele ya kila badiliko ni hili: je, limegusa mshipa? Na ili kujibu swali hilo hatuna budi kusema mshipa wa hadithi ya pete ni upi. Mimi nasema ni huruma. Bilbo alipata nafasi ya kumwua Gollum gizani, akamwonea huruma, akamruka, akaenda zake. Frodo anapotamka kwamba ingekuwa heri kama angeuawa, mchawi mzee Gandalf humwonya asiwe mwepesi wa kugawa mauti, maana hajui kiumbe yule amewekwa kwa kazi gani. Kitabuni mazungumzo haya hufanyika mwanzoni kabisa, nyumbani kwa Frodo, mbele ya moto. Filamu ya mwaka 2001 imeyahamisha, ikayaweka katika giza la mapango ya Moria, Gollum mwenyewe akinyemelea karibu. Uhamisho huo haukuua kitu. Nathubutu kusema kwamba umeongeza, kwa sababu anayehurumiwa yuko hapo, na macho yake yanaonekana. Huu ni mfano wa badiliko lililoushika mshipa kwa mkono mwepesi.

Filamu ya pili ilifanya jambo kubwa zaidi. Kitabuni Sam husikia usiku Gollum akibishana na nafsi yake, sauti moja ikikumbuka ahadi aliyompa Frodo na nyingine ikiitaka pete. Filamu iliichukua mbegu hiyo ikaikuza. Mwigizaji Andy Serkis hutoa sauti mbili, na picha hugeuka huku na huku hata mtu aapa kwamba anaona watu wawili. Kisha huja jambo ambalo kitabuni halimo: sauti ya Sméagol humwamuru mwenziwe aondoke asirudi tena, na hurukaruka kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa pingu. Ushindi huo haukudumu, lakini ulikuwako, nasi tuliuona.

Filamu ya tatu, ile iliyopata tuzo 11 za Oscar mwaka 2004, ndiyo iliyoacha pigo ambalo mimi siwezi kulisahau. Kitabuni, kwenye ngazi ndefu inayopanda kuingia nchi ya adui, Gollum hurudi kutoka alikokwenda kupanga hiana yake, huwakuta Frodo na Sam wamelala, kichwa cha bwana mapajani mwa mtumishi. Uso wake hubadilika. Ukali humtoka, na kinachobaki ni mzee aliyechoka, aliyeishi kupita wakati wake na kupita jamaa zake wote. Hunyosha mkono unaotetemeka na kuligusa goti la Frodo kama anayebembeleza. Wakati huohuo Sam huamka, humwona, na humsemea kwa ukali, kama mtu anayemshika mwizi. Basi. Uso hufunga, na safari ya kwenda kwenye hiana huendelea. Katika barua ya mwaka 1963 Tolkien aliandika kwamba kwake yeye hiyo labda ndiyo sehemu yenye huzuni kuliko zote katika hadithi. Filamu haina tukio hilo. Mahali pake Gollum hutupa mikate ya safari gizani, humwagia Sam makombo kifuani ili aonekane ndiye mlaji, na Frodo humfukuza rafiki yake. Badala ya mlango wa toba uliofungwa kwa bahati mbaya tumepewa njama ya mwizi.

Hapa ndipo niseme ile sababu yangu ya pili. Ninaye ndugu mdogo, kitindamimba wetu, ambaye dawa za kulevya zilimchukua akiwa na miaka ishirini na miwili. Watu wa mwambao wanajua habari hizo, haina haja kuzirefusha. Kilichokuwa kikiuzika nyumbani kiliuzwa. Hata sufuria ya mama ya pilau iliondoka. Mwaka 2008, jioni moja baada ya magharibi, alikuja nyumbani Tanga akiwa ameoga. Hakuomba kitu. Alichukua ndoo akaenda bombani, akajaza mtungi wa mama, akarudi kwa ndoo ya pili, kazi aliyokuwa akiifanya utotoni. Mama alikuwa ndani akiswali. Mimi nilikuwa barazani nikimtazama, nami niliona uso ambao sikuwa nimeuona kwa miaka mitatu. Baba yetu mdogo alitoka msikitini, akapita uani, akamkuta. Alikuwa amemlipia madeni mara nyingi kuliko sisi sote, naye alimpenda. Akamwuliza, «Leo umefuata nini cha kuuza?» Ndugu yangu aliitua ndoo taratibu, hata maji hayakumwagika, akatoka kwa mlango wa nyuma. Ilipita miezi saba kabla hatujasikia aliko.

Riwaya ya Tolkien nilikuwa nimeisoma miaka miwili kabla ya jioni hiyo, na ukurasa wa ngazi niliupita bila kusimama. Niliusoma tena mwaka uliofuata, nikakaa nao. Tangu hapo siwezi kusikia mtu akisema kwamba hadithi za ajabu ni za kukimbilia mbali na maisha.

Ndugu yangu alirudi. Alianza matibabu Dar es Salaam mwaka 2013, akinywa kikombe chake cha methadoni kila asubuhi mbele ya mwuguzi, na leo anafanya kazi ya useremala. Yeye si msomaji wa vitabu vinene. Filamu tulizitazama pamoja nyumbani kwangu, usiku tatu mfululizo, na usiku wa tatu tukashindana kama wapenzi wanavyoshindana. Nilimwambia kwamba picha imemdhulumu Gollum kwa kumwondolea ile nafasi ya ngazini na kumpa hila ya makombo. Akacheka.

«Dada,» akasema, «wewe wataka atubu vizuri. Mimi yale makombo nayajua. Nilipata kumsingizia mtoto wa jirani redio niliyoiuza mwenyewe, nami nilimtazama machoni nikilia. Mwenye kutawaliwa hufanya hivyo, na hulia kweli. Na nafasi alipewa, ulikuwa umelala? Usiku wa jana alimfukuza mwenzake. Mimi nilimfukuza wangu mara nyingi. Asubuhi yuko palepale.»

Sikuwa na jibu la haraka, maana aliyoyasema ni hoja ya kitaalamu hata kama hakuijua kwa jina hilo. Alikuwa ameonyesha kwamba filamu haikuifuta toba. Iliihamisha kutoka ngazini hadi usiku wa sauti mbili, na kutoka mikononi mwa watu wengine hadi ndani ya nafsi yenyewe. Nilichukua kitabu nikamsomea ule ukurasa, nikiufasiri kwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi, kwa shida, kwa kuwa hapana lugha inayouachia ukurasa wake upesi. Nilipomaliza alinyamaza kitambo.

«Huyu Sam hakukosa,» akasema. «Angejuaje?» Kisha akaongeza, «Lakini aliyeandika alijua.»

Maneno hayo mawili, kwangu, yamepima tofauti ya kitabu na picha kuliko makala nyingi nilizosoma. Picha imemjua mtumwa wa pete kwa ndani: hila zake, kilio chake, ushindi wake wa usiku mmoja. Kitabu kimeijua nyumba yake pia. Kimejua kwamba mtu mwema, kwa upendo na kwa uchovu, aweza kufunga mlango kwa neno moja na asilaumiwe. Kwa hiyo nasema, pamoja na kumheshimu ndugu yangu, kwamba filamu hapo imegusa mshipa. Imefanya anguko la Gollum kuwa jambo lake peke yake, ambapo kitabu kimelifanya jambo la wote waliokuwa ngazini.

Na hasara hiyo huonekana mwishoni, kwenye ukingo wa moto. Katika kazi zote mbili Frodo hushindwa. Husimama alipotumwa na kusema kwamba pete ni yake. Katika zote mbili Gollum humrukia, humng'ata kidole na kuichukua. Kitabuni hakuna anayemsukuma: hucheza kwa furaha ya kupata, hukanyaga pasipokuwa na ardhi, na huanguka nayo. Dunia yaokolewa kwa sababu Bilbo, kisha Frodo, na mwishowe hata Sam mwenyewe hapo mlimani, walimwacha hai. Huruma hukamilisha kazi ambayo nguvu na wema wa Frodo havikuiweza. Katika filamu Frodo huinuka akapigana naye kuigombania pete, na wote wawili huporomoka ukingoni. Mmoja huanguka, mwingine huokolewa kwa mkono wa rafiki. Watengenezaji wamesimulia kwamba kwanza walipiga picha Frodo akimsukuma Gollum, kisha wakaiacha kwa sababu ilifanana na uuaji. Walifanya vyema kuiacha. Hata hivyo walichokiweka chasema kwamba tamaa hujiangamiza yenyewe, nalo ni fundisho jema la zamani. Cha kitabu ni kigumu zaidi: kwamba tulimwachia mtu asiyestahili, bila kujua faida, na faida ikaja kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga.

Wanafunzi wangu wengi huja darasani wakiwa wametazama filamu na hawajakifungua kitabu. Wenzangu baadhi huliona hilo kuwa msiba. Mimi huwaagiza wachague badiliko moja tu, wataje sababu ya aliyelifanya kabla ya kumlaumu, kisha waseme limegusa mshipa au limegusa nyama. Kazi hiyo huwalazimisha kusoma. Anayetaka kushinda mabishano juu ya Faramir hana budi kujua Faramir alisema nini na wapi, naye akiisha kuutafuta ukurasa huo aghalabu husoma na unaofuata. Mapenzi yenye ugomvi yamewafanya vijana wengi wasomaji wa makini kuliko mihadhara yangu, nami sina wivu.

Baba mdogo alifariki mwaka 2016. Ndugu yangu ndiye aliyelitengeneza jeneza, na alikuwa miongoni mwa walioshuka kaburini kumpokea. Kitabu changu yuko nacho bado. Amefika juzuu ya pili, husoma kurasa mbili tatu usiku kwa msaada wa kamusi, na kila Jumapili hunipigia simu kunieleza filamu imekosea wapi.